Kofia ya Mjerumani Niliyoisafisha Mno

Wenzangu mnaobaki na funguo,

Mliniomba niwaachie maandishi ya kazi yangu kabla sijazoea kulala mchana. Nadhani mlitaka orodha: nilianza lini, nilipandishwa lini, nani alitia sahihi. Hayo yamo kwenye faili la kijani, kama mchwa hawajalifikia, na mkiyasoma mtasinzia. Mimi nitawaandikia habari za kofia. Nimefanya kazi miaka thelathini na kitu katika nyumba yetu ya vitu vya kale hapa Kasongo, vyumba viwili na baraza, na karibu miaka yote hiyo nimekuwa nikitafuta kofia za zamani za askari wa Kijerumani, nikizinusa, nikizishona, nikizibembeleza kama watoto wagonjwa. Hata leo mtu akisema tu, "Kwetu iko kofia moja ya zamani," naanza kutafuta viatu vyangu.

Baba yangu alikuwa fundi viatu karibu na soko. Nilijifunza ngozi kabla sijajua kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Siku moja akaja Papa Lutumba, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye koti zito ambalo joto la mji huu halikuwahi kulishinda. Yeye ndiye aliyeanzisha ile nyumba ya vitu vya kale. Alileta mkoba uliochanika, na aliporudi kuuchukua aliupindua mara tatu.

"Nani alishona hii?"

"Ni huyu mutoto yangu, Mauwa," baba akasema, kana kwamba anaomba radhi.

"Mauwa, weye unaweza kushona kofia ya mutu alikufa zamani?"

Nikamjibu kwamba mteja asiyeweza kurudi kulalamika ndiye hasa ninayemtafuta. Papa Lutumba alicheka hadi akakohoa, na Jumatatu iliyofuata nilianza kazi.

Siku ya kwanza alinipa kofia ya jua ya afisa wa Kijerumani, ile ya gome jepesi la kizibo iliyovikwa kitambaa cha rangi ya vumbi, yenye kibandiko kidogo cha duara cheusi, cheupe na chekundu. Mkanda wake wa kidevuni ulikuwa wa ngozi, mkavu, unakatika ukiuangalia tu. Sasa kwetu, ngozi kavu dawa yake ni mafuta ya mawese. Ngoma tunapaka mawese, mshipi tunapaka mawese, hata miguu ya mtoto anayekwenda kubatizwa. Nikaupaka mkanda ule mawese vizuri, ndani na nje, nikauacha mezani unang'aa, nikaenda nyumbani nikijipongeza. Asubuhi haukuwepo. Panya walikuwa wameula wote, wakaacha kifungo cha shaba peke yake, kisafi, kimelambwa. Nilitaka ardhi inimeze.

Papa Lutumba alikishika kile kifungo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Voilà. Panya hana kosa, ulimuandalia meza. Shona ingine, halafu andika mu daftari: mukanda hii ni ya Mauwa, haiko ya Mudachi."

Wadachi ndilo jina ambalo wazee wetu walilitumia kwa Wajerumani, na mkienda vijijini mlitumie hilo, la sivyo watawaletea kofia za Wabelgiji. Msishangae pia kwamba vitu hivi viko Maniema. Katika vita vya kwanza vya Wazungu babu zetu walichukuliwa, wengine askari, wengi zaidi wapagazi, wakavuka Tanganyika wakaenda hadi Tabora. Wengi hawakurudi. Waliorudi walirudi na kikohozi, na makovu mabegani, na mara moja moja na kitu walichokiokota: kisu, filimbi, kofia. Kofia ilikuwa na faida moja, kwamba unaweza kurudi nayo kichwani huku mikono ikibeba mzigo wa bwana mwingine.

Vifaa vyangu viko kwenye kopo la maziwa, rafu ya chini. Brashi ya manyoya ya mbuzi, sindano mbili zilizopinda, nta ya nyuki, vitambaa vya pamba vilivyofuliwa mpaka vimelainika, na kioo cha kukuzia chenye ufa. Ufa huo msiuogope, mtazoea kuupita. Utaratibu ni wa Papa Lutumba na sijaona mwingine ulio bora: kwanza pua, kisha macho, mikono mwisho. Kofia ya kweli hunuka moshi wa jikoni, jasho na popo. Kofia ya uongo hunuka gundi.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Nyangwe, mtoni. Tulisikia kuna mvuvi mwenye kofia ya chuma. Nilimkuta ameketi ndani ya mtumbwi wake, anachota maji nayo na kuyamwaga Lualaba. Ilikuwa ya Kijerumani kweli, nzito, yenye vile vipembe viwili vidogo kando, vyenye tundu la kupitisha hewa. Haikutoka Tabora, iliachwa na mzungu mmoja wa kampuni ya pamba aliyekuwa ameitundika ukutani kama pambo. Mvuvi alikuwa ameziba matundu kwa ulimbo. Nilimsifu kwa kazi ile ya kuziba, nikamwomba aniachie kofia.

"Mama, kofia inaweza kuwa yako," akasema bila kuacha kuchota. "Lakini maji ni ya mutumbwi. Ukienda na kofia, miye nitatoa maji na mudomo?"

Nilirudi siku ya tatu na beseni la plastiki. Alilijaribu, akasema si baya, ila mtumbwi una ncha mbili, basi nikaongeza la pili. Ile kofia ndiyo mnayoiona mlangoni, na ulimbo bado umo, kwa sababu Papa Lutumba alinikataza nisiutoe. Wakati huo nilidhani ni uvivu wa uzee.

Kofia za uongo nazo zilikuwa furaha yangu. Mnunuzi mmoja wa dhahabu aliniletea kofia ya pikipiki ya Kichina iliyopakwa lami, na juu yake amechomeka ncha ya mwavuli. Ndani kulikuwa bado na kibandiko cha saizi. Nilipokionyesha hakutikisika hata kidogo: "Mama, hata Wadachi walikuwa na vichwa vikubwa na vidogo." Nilimpa chai kwa jibu hilo.

Miaka ya vita sitaiandika kwa urefu, mnaijua au wazazi wenu wanaijua. Nasema tu kwamba mpiganaji mmoja aliingia, akachukua kofia ya kizibo, akaivaa, ikampendeza. Papa Lutumba, ambaye tayari alitembea kwa fimbo, akamwambia kwa upole: "Mutoto yangu, kila mutu alivaa ile kofia alikufa." Kijana akaivua haraka, akairudisha rafuni kwa vidole viwili. Mzee hakuwa amesema uongo. Waliivaa karne iliyopita, wangekuwa wapi?

Lakini kofia moja hatukuwa nayo. Papa Lutumba aliiona mara moja tu utotoni, kichwani mwa mtu sokoni Kabambare, na hakuwahi kujua ni ya nani: kofia ya pembe. Ngozi nyeusi iliyokazwa ikawa ngumu, ukingo mbele na nyuma, tai wa shaba kwenye paji, na utosini pembe ya shaba iliyochongoka. Wajerumani wenyewe hawakuzileta nyingi Afrika, na nyingi ya zile walizoleta zililiwa na mvua. Tulitafuta Kasongo yote, tukatafuta Kabambare, tulifuata uvumi hadi ng'ambo ya mito ambayo sikuwa nimeisikia. Papa Lutumba alifariki bila kuiona tena. Nikachukua kiti chake, nikajifunza kuendesha pikipiki ya kazi nikiwa na umri wa bibi, nikaendelea kuuliza.

Na hatimaye ikaja yenyewe. Miaka miwili iliyopita, kabla ya mvua, mtu anayeitwa Bilali aliingia na gunia la karanga. Alikuwa mchimba dhahabu kutoka upande wa Lusangi, mwenye buti za matope na macho yasiyotulia. Akaingiza mkono ndani ya karanga, akatoa kitu cheusi, akakiweka juu ya meza yangu.

"Mama, wanasema unatafuta hii."

Nilinusa kwanza, nawaapia, ingawa mikono ilitaka kuitangulia pua. Moshi. Moshi wa miaka na miaka, chini yake ngozi, na chini ya ngozi harufu ya nta. Kisha macho: mshono wa ukingo mdogo na sawa, wa mkono uliojua kazi. Tai wa shaba, bawa moja limevunjika. Ukingo wa nyuma umemeguka kipande cha ukubwa wa kucha. Pembe ikafunguka kwa kuzungushwa, taratibu, na ndani yake kulikuwa na vumbi la aliyeifunga mara ya mwisho. Nilipoinua ndimi za ngozi za ndani na kuweka kioo, nikaona muhuri uliofifia, herufi na namba. Nikapiga kelele! Mimi, bibi wa wajukuu sita, nilitoka barazani nikamshika mikono muuza mikate, nikamzungusha mara mbili na mikate yake kichwani.

Bilali alisema kofia ililetwa na Mupenda, babu wa babu yake, mpagazi wa Tabora. Nikamwuliza maswali kumi na mengine juu ya kofia: ilikaa wapi, ilipakwa nini, nani aliivunja bawa. Juu ya watu niliuliza swali moja tu, kama ni yake. "Njo yangu. Miye ni wa damu," akajibu. Hakutaka kukaa. Alitaka baiskeli, ya kubebea vitu machimboni, nasi tulikuwa nayo moja nzuri. Tukaandikiana karatasi, akaweka dole gumba, akaondoka. Nilikuwa nimeikagua kofia kwa kioo cha kukuzia, na nyumba ilikotoka sikuikagua hata kwa jicho moja. Andikeni hilo mahali mtakapoliona.

Wiki tatu nilisafisha. Nilitoa moshi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nukta kwa nukta. Ndani, kwenye uzi unaovuta zile ndimi za ngozi, kulikuwa na mafundo manne ya nyuzi za rafia, meusi, yamegandamana kwa jasho. Uzi wa asili haukuwa na mafundo. Niliyakata kwa wembe, nikayafagia pamoja na vumbi, takataka zikachomwa nyuma ya nyumba. Kisha nta, kisha brashi, na ile kofia ikatoka inang'aa kama siku iliyotoka dukani kwao. Niliipiga picha kwa simu. Nilikwenda hadi kaburini kwa Papa Lutumba nikamwonyesha, kwa sauti kubwa, hadi watu waliokuwa wanazika jirani wakanitazama vibaya. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama naweza kuieleza kwa mtu asiyesubiri kitu maisha yake yote.

Mwaka ukapita na miezi juu yake. Kama ilitoka moja upande ule, nikafikiri, huenda ipo nyingine. Nikapanda pikipiki nikaenda Kabambare, nikalala, nikashika njia ya Lusangi. Katika kijiji kimoja nilikaribishwa barazani kwa mtu anayeitwa Ramazani, wa makamo, mwenye jezi ya mpira iliyopauka. Namna yangu ya kuuliza mnaijua: sielezi, naonyesha picha. Nikatoa simu kwa mbwembwe.

"Papa Ramazani, mmeshaona kofia ya namna hii huku?"

Aliishika simu karibu na jicho. Akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba na simu yangu, na nilianza kufikiri nimeipoteza. Kisha akaniita: "Mama, kuja huku."

Nyuma ya nyumba, kwenye kibanda, mwanamke wa umri wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, amevaa kaniki nyeusi iliyochakaa hadi kuwa ya kijivu. Jina lake Apendeki. Alikuwa na simu yangu mapajani. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, kwenye ukingo wa nyuma wa kofia, pale palipomeguka.

"Hii fasi," akasema, "njo miye niliivunjaka. Niliangushaka kofia siku ya ndoa yangu." Akaileta picha karibu. "Inang'aa. Nani aliifanya ing'ae hivi?"

"Ni mimi," nikasema. Na niliisema kwa majivuno, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa.

Ramazani ndiye aliyenielewesha, polepole, bila kupandisha sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Sisemi ni desturi ya Wabangubangu wote, kabila la upande ule, ni ya nyumba ile. Mkubwa wa nyumba akifa, matanga hayaishi mpaka mrithi avae kofia ya Mupenda mbele ya watu na kutaja jina la marehemu. Mpaka hapo mjane anakaa kwenye mkeka. Hafiki shambani, hafiki barabarani, hasuki nywele, na jina la mumewe haliruhusiwi kutoka kinywani mwake. Mume wa Apendeki alipofariki, ukoo ulimchagua Ramazani, mdogo wa marehemu. Bilali, mtoto wa dada yao, alidhani angechaguliwa yeye. Alikasirika, na wiki ya mazishi kofia ikapotea. Yeye naye akapotea. Wakamtafuta machimbo yote, wakamwona mara moja kwa mbali, juu ya baiskeli.

Nilihesabu miezi kimoyomoyo. Siku zote nilizokuwa nikipitisha kitambaa kwenye shaba ile na kuimba, mwanamke huyu alikuwa ameketi hapa.

"Nitairudisha," nikamwambia.

Apendeki alinirudishia simu. "Wengi walisema watatafuta," akajibu. "Miye nimezoea kungoja. Lakini shamba ya mahindi ya mwenye nyumba imeota miti." Hivyo ndivyo alivyomtaja mumewe, mwenye nyumba.

Nilirudi Kasongo nikiwa na hasira na Bilali, na nilipofika nikagundua kwamba hasira ile ilikuwa rahisi kwa sababu ilinizuia kujikasirikia mwenyewe. Niliishusha kofia ukutani. Mmoja wenu, simtaji, anajijua, alisema: "Mama Mauwa, weye ni fundi. Watengenezee ingine, nani atajua?" Sikumkemea. Nilifikiri jambo hilo siku mbili nzima, nikachagua hata ngozi. Niseme kweli: nilikuwa na wivu. Ilikuwa kofia ya pembe pekee niliyopata katika maisha yangu ya kazi, na nilikuwa karibu kustaafu, nisingeona nyingine. Kilichonishinda ni kile kidole juu ya picha. Mtu aliyeivunja siku ya ndoa yake angeijua ya uongo kabla sijaitoa mfukoni. Siku ya tatu nikafungua daftari, nikapiga mstari, nikaandika: imerudi kwao.

Mvua zilikuwa zimeanza. Niliifunga kofia tumboni, ndani ya koti la mvua, pembe ikielekea mbele, na kabla sijafika Kabambare mlinzi wa kizuizi akanipisha bila kuuliza karatasi. "Hongera, mama," akasema kwa heshima kubwa, "endesha polepole." Katika umri wangu! Nilicheka peke yangu hadi mto Luama, ambako pikipiki ilivuka juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, nami sikucheka tena mpaka ng'ambo.

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika. Kuna mtu alikuwa ametangulia kwa miguu kusema kwamba mama wa kofia anakuja, sijui alipitaje mbele yangu. Nikafungua koti, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nimejaa furaha hadi masikioni. Ramazani aliipokea kwa mikono miwili, akaipindua aangalie ndani. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Wazee wako wapi?" akauliza.

"Wazee gani?"

"Wale wanne. Mafundo."

Kila mrithi anapoivaa hufunga fundo moja la rafia kwa jina la aliyekufa. Mupenda, na waliomfuata. Mimi nilikuwa nimewakata kwa wembe na kuwachoma moto pamoja na vumbi. Nilisema hivyohivyo, mbele ya watu wote, kwa sababu sikuweza kufikiri uongo wowote uliotosha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, ile ya panya ilikuwa mchezo.

Ramazani aliiweka kofia chini, juu ya kiti. "Basi hii haiko kofia ya nyumba yetu," akasema. "Ni kofia ya Wadachi tu." Wanaume wakubwa wakatikisa vichwa. Mmoja akaanza kuinuka aende zake, na nikaona kwamba Apendeki atabaki kwenye mkeka mpaka afe, na kwamba nimelifanya mimi, kwa brashi na nta.

"Keti, baba," sauti ikasema. Ilikuwa ya Apendeki. Alikuwa mlangoni mwa kibanda, hakuvuka kizingiti. "Rafia iliungua. Majina iliungua namna gani? Kila kiangazi, nani alishusha ile kofia toka mu moshi ya jiko? Nani aliipangusa? Mwanamuke wa nyumba. Mama-mkwe alinifundisha fundo kwa fundo, na yeye alifundishwa." Akaninyooshea kidole. "Weye uliyakata, weye utayafunga. Leteni rafia."

Nikapiga magoti barazani, kofia mapajani. Alisema jina, nikafunga. "Mupenda." Nikafunga fundo zuri, dogo, la kifundi. Akaliangalia kutoka kule mlangoni.

"Hiyo ni ya kiatu. Fungua."

Watu wakacheka, nami nikafungua. Akanionyesha kwa mikono hewani, namna rafia inavyozunguka mara mbili na kupita chini yake yenyewe. Nikafunga tena. Akakubali. "Asani. Huyu alikuwa mukali, kaza." Nikakaza. "Shindano. Lukuni." Akaishia hapo, kwa kuwa jina lililofuata halikuruhusiwa kinywani mwake. Nikampa Ramazani kofia na kipande cha rafia kilichobaki. Alifunga fundo la tano kwa mikono yake, akavaa kofia juu ya ile jezi yake iliyopauka, pembe ya shaba juu, akasimama wima, akalitamka jina la kaka yake mara moja kwa sauti iliyopasuka katikati. Mkubwa mmoja akasema matanga yameisha. Sijui kama nililia kabla ya wengine au baada.

Apendeki alivuka kizingiti. Alishika nguzo kwanza, kisha akaiachia. Shemeji zake walimletea kitenge kipya, binti zake walitaka kumsuka, chakula kilikuwa tayari. Aliwapita wote, akaja moja kwa moja kwenye pikipiki yangu, akaipiga tandiko kama anayempiga ng'ombe.

"Mama Mauwa, hii kitu inafika Kabambare?"

"Inafika."

"Unipeleke. Nataka kuona watu. Tutarudi kula."

Hakuna aliyethubutu kumzuia. Akapanda nyuma yangu na kaniki yake, akanishika kiuno. Mwanzoni nilikuwa nahangaika na matope. Kisha nikasikia anasema kitu mgongoni kwangu, kidogo sana, nikadhani anaomba nipunguze mwendo. Nikapunguza. Akalirudia, na safari hii lilikuwa wazi.

"Kalume."

Hakuwa ananiita mimi. Tukapita shamba lililoota miti, akalisema kwa nguvu. Tukapita watu wawili wenye mizigo ya mihogo, akawapungia mkono na kulisema mbele yao, Kalume, Kalume, na kwenye kila shimo la barabara ile, ambayo kama mnavyojua ni shimo moja refu, alilipiga kelele na kucheka. Tulipoingia sokoni Kabambare sauti ilikuwa imemkauka kabisa, na midomo ilikuwa bado inalitaja.